Wageni wanapiga picha na kuondoka, wale wa zamani wametoweka: nifanye nini watu wafungamane na mahali hapa?

Swali. Nasimamia eneo la msitu lenye njia za miguu, maporomoko ya maji na uwanja mdogo wa kambi. Wageni wapya ni wengi, ila wengi wao huenda moja kwa moja kwenye maporomoko, hupiga picha, na baada ya saa moja wameshaondoka. Waliokuwa wakija miaka yote wamepungua tangu tulipofunga ukingo wa mto waliouzoea na kuihamishia kambi ng'ambo. Hata hivyo dodoso letu la getini linaonyesha karibu kila mtu ameridhika. Je, kuna namna ya kuwafanya watu wapaone mahali hapa kuwa pao? Na nitajuaje kama inafanikiwa?

Jibu. Ndugu, tuanze na dodoso, maana ndilo linalokupotosha. Kuridhika hupima pengo kati ya alichotarajia mtu na alichokipata. Mgeni wa mara ya kwanza hajui kwamba zamani ukingo ulikuwa wazi, wala kambi ilikuwa chini ya miti gani. Anaona maporomoko, anafurahi, anakupa alama ya juu. Aliyechukizwa hayupo getini kuijaza karatasi yako. Ni sawa na mwalimu anayewauliza waliohudhuria darasani kwa nini wenzao hawaji.

Wachunguzi wa burudani za nje wamelijua jambo hili kwa miongo kadhaa. Mtu aliyepazoea mahali, pakibadilika, hulalamika mara moja tu, pengine hata hiyo moja halalamiki. Kwanza hubadilisha saa: aliyekuwa akija mchana sasa anakuja alfajiri kabla ya kelele. Kisha hubadilisha sehemu, akajitafutia kona nyingine ndani ya eneo lilelile. Mwisho huhama kabisa. Wapo pia wanaobaki na kubadilisha fikra badala ya miguu. Wanajiambia kwamba sasa hapa ni mahali pa familia na vikundi, basi wanapachukulia hivyo na kutoa alama nzuri, ingawa mahali wanapopasifu si pale walipopapenda. Asilimia yako ya walioridhika haitetereki, ilhali watu waliomo ndani yake wamekwisha kubadilika.

Unaweza kulikagua hili wiki hii bila kuuliza mtu. Tembea kando ya mto, juu na chini ya sehemu uliyoifunga, uhesabu njia za panya: majani yaliyolala, udongo uliobanwa, tawi lililokatwa ili mtu apite. Zikiwa mpya na zinaelekea majini, hao ni watu wako wa zamani. Kisha simama kwenye maegesho kabla ya saa moja asubuhi, siku ya kazi na siku ya mapumziko, uone ni magari gani yapo. Na kama unatunza daftari la kambi, linganisha majina ya waliorudi kabla ya kuhamisha na baada ya hapo. Daftari hilo ndilo takwimu bora kuliko zote ulizonazo, ingawa wengi hulitupa mwaka ukiisha.

Mfungamano wa aina mbili

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wanaosoma uhusiano wa wageni na maeneo ya asili wameugawa mfungamano huo sehemu mbili. Ya kwanza ni kupategemea mahali: pananifaa kwa shughuli yangu kuliko pengine. Mvuvi anataka kina fulani cha maji, mpanda miamba anataka jabali la namna fulani, mkimbiaji anataka mwinuko wa urefu fulani. Ya pili ni kupahesabu mahali kuwa sehemu ya nafsi yako: hapa ndipo nilipomfundisha mwanangu kuogelea, hapa ndipo ninapokuja nikifiwa. Daniel Williams na Jerry Vaske walionyesha mwaka 2003 kwamba kila sehemu inaweza kupimwa kwa maswali manne tu na majibu yakaaminika. Nitarudi kwenye maswali hayo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Anayepategemea mahali huondoka siku anapopata panapomfaa zaidi, na hatakuwa na kinyongo nawe. Anayepahesabu kuwa pake hawezi kubadilishiwa. Ukimwambia "kambi mpya ina vyoo bora na maji ya bomba" umemjibu swali ambalo hakuuliza. Nadhani hapo ndipo mlipokosana na wale wazee wenu wa kambi: mliwapa huduma kumbe wao walipoteza kumbukumbu.

Jerry Vaske na Katherine Kobrin, mwaka 2001, waliwachunguza vijana waliokuwa wakifanya kazi katika miradi ya maliasili. Waliona kwamba kupategemea mahali kulihusiana na tabia ya kutunza mazingira kwa kupitia kupahesabu kuwa pao. Kwa hiyo kutumia mahali peke yake hakutoshi. Matumizi yanayorudiwa huzaa hali ya kuwa mwenyeji, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu aokote takataka ambazo si zake. Kinachofuata kwako ni hiki: usihangaike kumfurahisha zaidi mgeni wa siku ya kwanza. Mtafutie sababu ya ziara ya pili, kisha ya tatu. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unapimwa kwa kigezo hicho.

Na usichanganye mfungamano na mahali na mapenzi ya asili kwa jumla. Mtu anaweza kupenda ndege na miti kwa dhati akawa hana habari na msitu wako. Atakwenda popote penye ndege.

Njia ndiyo inayoamua macho yatazame wapi

Kabla ya vibao na programu, angalia njia yenyewe. Mtu anayekanyaga mizizi, mawe yanayocheza na matope hutazama miguu yake. Akifika mwisho amechoka, na ameona viatu vyake tu. Kwa nusu kilomita ya kwanza, ambapo mgeni bado ana mawazo ya gari na simu, njia iwe laini kiasi kwamba macho yanaweza kuinuka.

Vipimo vinavyofanya kazi: mwinuko wa wastani wa njia usizidi asilimia 10 (kupanda mita 10 kwa kila mita 100 za kwenda mbele), na popote inapokata ubavu wa kilima, mwinuko wake usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kilima kikiwa na mteremko wa asilimia 16, njia isizidi 8. Ukivuka hapo, maji yanaigeuza njia kuwa mfereji. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bonde, kati ya asilimia 3 na 5, ili maji yapite kwa upana badala ya kufuata njia kwa urefu. Kosa linaloonekana kila mahali ni kujaza kokoto kwenye matope bila kuyatafutia maji pa kutokea. Kokoto zinazama, watu wanazunguka tope, njia iliyokuwa na upana wa mita moja inakuwa ya mita nne, na mgeni anapata sura ya mahali palipochakaa.

Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza mambo manne yanayofanya mazingira yamrudishie mtu nguvu za akili: kujiona yuko mbali na shughuli zake, kuona kwamba mahali pana upana na mpangilio wa kuingia ndani yake, kuvutwa na vitu bila kulazimisha umakini, na mahali kuafikiana na alichokuja kukifanya. Hilo la kwanza ndilo linaloharibiwa upesi. Ikiwa jenereta linasikika mita mia tatu za mwanzo, au pipa la takataka liko kwenye kona ya kwanza yenye mandhari, mgeni bado hajaondoka mjini. Hamisha hivyo viwili kabla hujanunua kitu chochote.

Benchi ni jambo dogo linalofanya kazi kubwa kuliko kibao chochote, na mara nyingi huwekwa vibaya. Watu hupenda kukaa pale ambapo nyuma yao pamekingwa, kwa mti mkubwa au jabali, na mbele pako wazi; mwanajiografia Jay Appleton aliliandika wazo hili mwaka 1975, kwamba tunavutwa na sehemu tunazoweza kuona kutoka humo bila kuonekana sana. Benchi lililo katikati ya uwanja, wapita njia wakipita nyuma ya mgongo, halikaliwi. Liondoe kwenye njia kwa mita tano hadi kumi, lakini lionekane. Kiti kiwe na kimo cha takriban sentimita 45, na angalau nusu ya mabenchi yawe na egemeo na mikono, kwa sababu mzee asiye na pa kushika wakati wa kuinuka hakai kabisa, na asipokaa harudi.

Maporomoko na picha

Usipigane na picha. Aliyekuja kwa ajili ya picha atapiga picha hata ukimwekea ukuta. Unachoweza kubadilisha ni nini kinafuata baada ya picha.

Kama njia yako inakwenda kwenye maporomoko na kurudi mlemle, umempa mgeni ziara yenye jambo moja. Ifanye iwe mzunguko. Njia ya kurudi ipite kwingine, mzunguko wote uwe wa dakika 45 hadi 90, na dakika kumi au kumi na tano baada ya maporomoko kuwe na kitu cha pili cha namna tofauti kabisa: baada ya kelele za maji, mahali pa kimya, baada ya kutazama juu, kidimbwi cha kuchungulia chini. Kitu hicho kisitangazwe kwenye ramani kwa picha kubwa. Weka jina na alama ndogo tu. Mgeni anayekikuta mwenyewe anakuwa na kitu chake cha kumsimulia mwenzake, tofauti na maporomoko ambayo kila mtu ameshayaona kwenye skrini.

Mwisho wa mzunguko nao utazame. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha kwamba watu hulikumbuka tukio zaidi kwa kilele chake na mwisho wake kuliko kwa urefu wake. Maeneo mengi yana kilele kizuri, na mwisho wake ni nyuma ya choo au lango lenye foleni. Kama njia inaweza kutokea kwenye kijiwe chenye kivuli na maji safi ya kunywa, mita hamsini kabla ya maegesho, fanya hivyo.

Kuna mbinu moja rahisi inayoigeuza picha kuwa sababu ya kurudi. Simika nguzo yenye kikalio cha simu, iliyoelekezwa kwenye mandhari moja isiyobadilika, na kibao kinachomwomba kila mtu apige kutoka hapo na aitume picha kwenye anwani yenu. Baada ya mwaka una mfululizo wa picha zinazoonyesha maji yakipanda na kushuka, miti ikipukutisha na kuchipua. Zibandike kwenye kibanda cha kuingilia pamoja na tarehe. Aliyeona msitu siku moja anagundua kwamba hajauona. Kikalio kiwe kwenye kimo cha kama mita 1.2 ili hata mtoto au mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu akifikie, na nguzo ichimbiwe kwa zege, kwa sababu ikisogea hata sentimita chache mfululizo wote unaharibika.

Maneno kwenye vibao

Hesabu vibao vilivyo kati ya lango na maporomoko, uvigawe mafungu mawili: vinavyokataza na vinavyokaribisha. Katika maeneo mengi vya kwanza vinashinda mbali. Kila katazo liwe na sababu ndani ya sentensi moja. "Usitoke njiani" hutiiwa na mtu mwoga tu. "Baki njiani: mimea hii ikikanyagwa haioti tena msimu huu" humpa mtu nafasi ya kukubali. Na makatazo yote yasiyohusu pale mtu aliposimama yahamie kwenye kibao kimoja cha langoni.

Vibao vya maelezo vina maradhi mengine: vimeandikwa na mtu anayejua mengi. Freeman Tilden, aliyeandika mwaka 1957 misingi inayofuatwa hadi leo na waelezaji wa hifadhi, alisisitiza kwamba maelezo yasiyogusa chochote katika maisha ya mgeni ni tasa, na kwamba lengo si kufundisha bali kuchokoza. Kwa vitendo: kichwa cha kibao kiseme wazo zima, kwa kuwa wengi watasoma kichwa tu. "Mti huu hunywa ukungu" ni wazo, "Mimea ya eneo hili" ni jina la faili. Maneno yote yasizidi 150, herufi za mwili ziwe na ukubwa wa kusomeka mtu akiwa amesimama hatua moja nyuma, na kibao kilale kwa nyuzi 30 hadi 45, chini ya usawa wa macho, ili kisizibe kile kinachoelezwa. Kisha jaribu kabla ya kuchapa: bandika nakala ya karatasi kwa siku mbili na uwaulize watu kumi wanaopita wameelewa nini. Wakitoa majibu kumi tofauti, andika upya.

Matembezi ya kuongozwa

Hapa nina ugomvi kidogo na waongozaji wengi, wazuri hasa. Wanajua jina la kila jani na wanalitaja. Ryan Lumber, Miles Richardson na David Sheffield, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, walikuta kwamba yanayohusiana na mtu kujiona ameungana na asili ni mambo matano: kugusana nayo kwa hisi, kuona uzuri wake, kupata hisia, kupata maana, na kuionea huruma. Kukusanya elimu juu ya asili hakukuwa na nguvu hiyo. Majina yana kazi yake, lakini yaje baada ya mkono kugusa gome.

Kikundi kisizidi watu 12 hadi 15. Kikizidi, wa nyuma hawasikii, wanaanza mazungumzo yao, na mwongozaji anapaza sauti akifukuza kila mnyama. Vituo vitano au sita katika saa moja na nusu vinatosha, visizidi dakika saba kila kimoja, isipokuwa kimoja. Hicho kiwe cha kukaa kimya, kila mtu peke yake, umbali wa hatua kumi na tano toka kwa mwenzake, kwa dakika kumi. Dakika tatu za kwanza watu hutapatapa, hutafuta simu, hucheka. Baada ya dakika tano hivi utulivu unaingia. Ukikatiza kwenye dakika ya nne, kama waongozaji wengi wanavyofanya kwa kuona aibu ya ukimya, umewapa sehemu mbaya tu ya zoezi. Mwisho wake usiulize "mmejifunza nini?" Uliza "mmesikia nini?" Na usimwite kila mtu ajibu.

Wenyeji, wale walioishi na mahali hapo kabla hapajawa pa burudani, wasiwe pambo la matembezi. Maana wanayoipa sehemu fulani inaweza kupingana na anachokipenda mgeni, na hapo msimamizi lazima achague. Uluru, jabali kubwa nchini Australia, ilirudishwa mwaka 1985 kwa Waanangu, wenyeji wake wa asili. Kwa miaka mingi vibao viliwaomba wageni wasipande jabali hilo takatifu, wengine wakapanda tu. Tarehe 26 Oktoba 2019 kupanda kulifungwa kabisa. Kama eneo lako lina mahali pa namna hiyo, zungumza na wenyewe kabla hujachora mzunguko niliousema juu, na majina ya sehemu yaandikwe kwa namna wanayoyatamka wao.

Kazi ya mikono

Hakuna kinachomgeuza mgeni kuwa mwenyeji upesi kuliko kutengeneza kitu na kukikuta kipo aliporudi. Lakini siku za kujitolea hushindwa kwa sababu moja inayojirudia: kazi ni kubwa mno, haiishi, na mtu anaondoka akiwa hajui amefanya nini.

Chagua kazi inayokwisha ndani ya saa mbili hadi tatu, yenye matokeo yanayoonekana kwa macho siku hiyohiyo: ngazi nne za mawe, mita ishirini za njia iliyoondolewa magugu vamizi, daraja dogo la gogo. Kiongozi mmoja kwa watu wanane hadi kumi. Zana ziwe za kutosha kwa theluthi mbili ya watu, kwa kuwa wengine hubeba na kupumzika. Zana pungufu ya hapo huzaa kundi la watazamaji. Glavu kwa wote, sanduku la huduma ya kwanza, na mtu mmoja anayejua njia fupi ya kumtoa majeruhi. Kabla ya kuondoka piga picha ya walivyoianza na walivyoimaliza. Mwaliko unaofuata uwapeleke watu walewale kwenye sehemu ileile. Wasimamizi hupenda kuwazungusha ili kila mtu aone kila kitu, na hapo wanakata uzi wenyewe.

Kupima

Dodoso jipya lijazwe wakati wa kutoka, si wa kuingia. Msambazaji asivae sare. Watu humjibu mwenye sare kwa adabu, si kwa ukweli. Mwachie mgeni karatasi na kalamu, ujiondoe hatua chache. Tumia mizani ya ngazi tano, toka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", kwa kauli nane kama hizi, zikiwa zimechanganywa:

- Kwa shughuli ninazozipenda, sijapata mahali panapopita hapa.
- Ninachokifanya hapa nisingekifurahia vivyo hivyo pengine.
- Nikiwa na siku moja tu ya mapumziko, hapa ndipo ninapochagua.
- Mahitaji ya shughuli yangu yanapatikana hapa kuliko kwingine.
- Mahali hapa ni sehemu ya maisha yangu.
- Anayetaka kunijua vizuri inafaa ajue kwamba huja hapa.
- Nikiwa hapa najiona mwenyeji.
- Mahali hapa pana maana kubwa kwangu.

Nne za kwanza ni za kupategemea, nne za mwisho za kupahesabu kuwa pako. Tafuta wastani wa kila fungu peke yake, usiyajumlishe. Ukijumlisha, mvuvi asiyejali na bibi anayekuja kwa kumbukumbu watapata alama moja, na kazi yote imepotea. Jaribu kauli kwa watu kumi hadi kumi na tano kwanza, ukiwauliza kila moja wameielewaje. Kauli yenye mambo mawili kwa pamoja ("hapa ni pazuri na panaifaa familia yangu") itupe.

Ongeza maswali manne mafupi: mwaka uliofika hapa mara ya kwanza, idadi ya ziara katika miezi 12 iliyopita, alama ya X kwenye ramani pale unapopapenda zaidi, na moja la kujieleza: "Eneo hili likifungwa kesho, ungekwenda wapi badala yake?" Hili la mwisho lina thamani kuliko mizani yote. Anayetaja papo hapo mahali pengine yupo kwa shughuli. Anayesita, au anayeandika "sijui", huyo ameshafungamana.

Kuhusu idadi: majibu 100 yana kiwango cha makosa cha karibu asilimia 10 juu na chini, 200 karibu 7, na 385 karibu 5. Kwa eneo dogo 200 yanatosha, mradi yamegawanywa kati ya siku za kazi na za mapumziko, asubuhi na jioni, na misimu yote miwili mikuu ya mwaka wako. Mchukue kila mtu wa tano anayetoka, usimchague anayetabasamu. Kwenye kikundi, mwombe ajaze yule ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu zaidi. Vinginevyo atajaza kiongozi kila mara. Waliokataa nao uwahesabu.

Rudia mwaka unaofuata katika wiki zilezile. Usitarajie wastani wa kupahesabu kuwa pao upande ndani ya mwaka mmoja. Kinachotangulia kusogea ni idadi ya ziara za pili, kisha alama za X zinaanza kutawanyika badala ya kurundikana kwenye maporomoko. Zikibaki zimerundikana hapo baada ya misimu miwili, mzunguko wako haufanyi kazi, nenda kautazame upya.

Ukingo uliofungwa

Kuufunga huenda kulikuwa sahihi. Utafiti wa mwanaikolojia David Cole juu ya kukanyagwa kwa mimea umeonyesha kwamba madhara mengi hutokea kwenye matumizi ya mwanzo. Ukiongeza watu mahali palipokwisha kukanyagwa, madhara huongezeka kidogo kidogo tu. Kwa hiyo kuwatawanya watu ukingoni kote ni kuharibu kote, na zile njia za panya ulizozihesabu zinafanya hivyo sasa hivi. Kilichokosekana ni sehemu moja ya kuwakusanya.

Wapigie simu watu sita au wanane wa lile daftari la kambi. Tembea nao ukingoni, si ofisini, uwape ramani waweke alama, na uwaeleze kabla ya kuanza ni kipi kinaweza kubadilika na kipi hakiwezi. Mashauriano yanayoficha uamuzi uliokwisha kufanywa hukasirisha kuliko kutowaita kabisa. Kisha fungua kipande kimoja cha mita tatu hadi tano, pale ambapo alama zao zinakutana na ukingo una mwamba au changarawe badala ya udongo laini. Jenga ngazi za mawe hadi majini, weka jiwe moja au mawili mapana ya kukalia, na pande zote mbili ziba kwa matawi yenye miiba au magogo yaliyolazwa, ambayo hufanya kazi kuliko uzio na hayaudhi macho. Njia za panya zifunge siku hiyohiyo ngazi zinapofunguliwa, si kabla; ukizifunga kabla, zitachimbwa nyingine.

Piga picha ya ukingo kutoka nukta ileile kila mwezi. Mizizi ikianza kuonekana au ngazi ya chini ikianza kuning'inia, funga kwa msimu wa mvua peke yake, na kibao kitaje tarehe ya kufungua tena. Tarehe ikifika, fungua.